Bibi, stakabadhi za korosho na mwalimu wa Recife

Bibi aliniletea karatasi zake siku ya tatu ya darasa. Zilikuwa ndani ya mfuko wa rambo, na mfuko wenyewe ameufunga kwenye pindo la khanga. Alifungua fundo taratibu, kama mtu anayefungua dawa. Zilikuwa stakabadhi za korosho za misimu minne. Akazilaza juu ya dawati, akazinyoosha kwa kiganja, akaniambia, "Mwalimu, nisomee hizi kwanza. Nataka kujua zinasema nini."

Nikamjibu kwa adabu zote: "Vumilia, bibi. Tukifika sura ya nane utazisoma mwenyewe."

Akazikusanya, akafunga fundo. Alikaa mpaka kipindi kikaisha, akaniaga vizuri, na hakurudi tena.

Ilikuwa mwaka 2010, kwenye kijiji kimoja cha uwanda wa Makonde, wilayani Newala. Nilikuwa na miaka 26, natokea Dar es Salaam na stashahada ya elimu ya watu wazima. Kinachoniuma mpaka leo ni kwamba nilikuwa nimemsoma Paulo Freire, yule mwalimu wa watu wazima wa Brazili. Nilimjibia mtihani na kupata alama nzuri. Ningeweza kukueleza usiku wa manane namna alivyopinga elimu ya kibenki, ile ambayo mwalimu anaweka na mwanafunzi anapokea, anatunza na kurudisha alichowekewa. Halafu nikasimama mbele ya watu wazima ishirini na wawili, wamebanana kwenye madawati ya watoto wa darasa la pili, nikaanza kuweka.

Wiki ya tatu wakabaki tisa. Nikawalaumu. Nilisema msimu umewashika, nikasema hawana mwamko. Neno "mwamko" nililitumia sana siku zile. Nikiwa peke yangu jioni, na maji ya kununua ndoo moja yananisubiri nipikie na kuogea, nilirudi kumsoma Freire upya, safari hii bila mtihani mbele yangu. Nikagundua kwamba shuleni nilikuwa nimemsoma kuanzia katikati. Tulifundishwa nadharia zake, hatukufundishwa namna alivyozipata. Na alizipata kwa kuaibika.

Alizaliwa Recife, kaskazini mashariki mwa Brazili, tarehe 19 Septemba 1921, kwenye familia ya kipato cha kati. Herufi za kwanza alifundishwa na wazazi wake uani, chini ya miembe, akichora kwa kijiti juu ya udongo. Kisha mtikiso wa uchumi wa dunia ulioanza mwaka 1929 ukawafikia. Wakahamia mji mdogo wa Jaboatão ambako maisha yalikuwa nafuu, na mwaka 1934 baba yake akafariki, Paulo akiwa na miaka 13. Njaa ikaingia nyumbani. Baadaye alieleza kwamba darasani hakuwa mzito wa akili. Alikuwa na njaa, na njaa haimwachi mtoto asikie somo. Mama yake alizunguka Recife akiomba shule ya kumpokea mwanawe bila ada, mpaka mwenye shule mmoja, Aluízio Araújo, akakubali. Kijana aliyeingia kwa huruma ile alikuja kufundisha Kireno kwenye shule hiyo hiyo.

Akasomea sheria, na hapo ndipo nilipoanza kumpenda. Kesi yake ya kwanza ilikuwa ya kumdai daktari wa meno kijana aliyekopa kununua vifaa akashindwa kulipa. Yule kijana alipoanza kumweleza hali yake, mwenye mke na mtoto mdogo, Freire alimwambia kesi hiyo hataishughulikia. Akarudi nyumbani akamwambia mkewe Elza kwamba uwakili basi. Elza alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Walioana mwaka 1944. Naamini kabisa Elza hajapewa haki yake katika vitabu vinavyomsifu mumewe, na nitasema kwa nini.

Mwishoni mwa miaka ya 1940 Freire alipata kazi SESI, taasisi ya huduma kwa wafanyakazi wa viwandani, akawa anazungumza na wazazi kuhusu malezi. Jioni moja huko Recife alitoa hotuba juu ya kuwaadhibu watoto. Alikuwa amejiandaa, akatumia kazi za Jean Piaget, mtaalamu wa saikolojia ya watoto, akaeleza kwa upole madhara ya kuwapiga. Alipomaliza, mwanamume mmoja wa makamo akasimama. Kwanza akashukuru. Kisha akamuuliza kama anajua wao wanaishi wapi. Akaeleza nyumba zao, vyumba vilivyobanana, maisha yasiyo na nafasi. Halafu akaanza kuieleza nyumba ya Freire, ambayo hajawahi kuikanyaga: ina bustani, ina chumba cha wazazi, chumba cha watoto wa kike na cha wa kiume, mahali pa vitabu, maji ya moto. Akapatia. Akamwambia: wewe ukirudi jioni umechoka, unawakuta watoto wameoga, wameshiba, wanapendeza. Sisi tunawakuta na njaa na kelele, na saa kumi alfajiri tunatakiwa tuamke. Tukiwapiga si kwamba hatuwapendi.

Freire aliandika kwamba alitamani kuzama kwenye kiti. Wakiwa garini kurudi nyumbani akamlalamikia Elza kwamba alidhani alieleweka. Elza akamwambia wao walimwelewa. Labda yeye ndiye hakuwaelewa. Maneno hayo yamebeba nusu ya nadharia yote iliyokuja baadaye, na hayakusemwa na Paulo Freire.

Niliposoma hapo nilifunga kitabu. Kesho yake asubuhi nilikwenda kwa bibi.

Nilimkuta anapepeta mtama. Alinikaribisha, akanipa kigoda, hakunisemesha juu ya darasa. Mimi ndiye niliyeomba radhi. Akasema, "Mwanangu, mimi kisomo si kipya kwangu. Nilisoma wakati wa Mwalimu, nikapewa na cheti. Kikapotea cheti, na kusoma kukapotea."

Sikuwa na habari hiyo. Nilikuwa nimemwandika kwenye daftari kama mtu asiyewahi kusoma kabisa. Bibi alikuwa mmoja wa mamilioni walioitikia pale Nyerere alipoutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mwalimu alikuwa na hoja nyepesi kueleweka: tukingoja watoto wakue ndio nchi iendelee, tutangoja miaka mingi, basi tuanze na wazazi wao. Wakati wa uhuru Watanzania wengi hawakujua kusoma. Katikati ya miaka ya 1980 takwimu za serikali zilionyesha waliobaki hawajui ni chini ya mmoja katika kila kumi. Hata Freire mwenyewe alifika Dar es Salaam mwanzoni mwa miaka ya 1970 kuzungumza na watu wa elimu ya watu wazima. Alitaka kuona nchi iliyoifanya kazi hiyo kuwa ya taifa zima. Lakini kusoma ni kama njia ya shambani, isipopitwa huota majani. Baada ya cheti, bibi hakupata gazeti wala kitabu. Kilichofika nyumbani kwake miaka yote ile ni stakabadhi, na stakabadhi ziliandikwa kwa vifupisho na kwa mwandiko wa karani.

Kisha akaniita ndani. Kwenye ukuta wa udongo, nyuma ya mlango, kulikuwa na alama za mkaa. Mistari midogo, mafungu manne. Kila msimu fungu lake, kila gunia mstari wake. Nyumba ilikwisha kukandikwa upya mara mbili, akaniambia, na mara zote mbili aliwakataza vijana wasiguse sehemu ile.

Tukazitoa stakabadhi. Nikamsomea, safari hii bila kuuliza sura ya ngapi. Msimu mmoja ukutani una magunia saba. Kilo za kwenye karatasi zilikuwa za magunia sita na kidogo. Bibi hakushtuka hata chembe. "Nilijua," akasema. "Mgongo wangu ndio uliobeba." Mambo aliyokuwa anayatafuta kwangu yalikuwa mengine kabisa na niliyoyadhania. Kwamba amepunjwa alikuwa anajua miaka mitatu. Alitaka maneno ya kusimama nayo kwenye mkutano wa chama cha ushirika, karatasi mkononi, asiambiwe na karani kwamba bibi huyu hajui kusoma.

Siku ile ndiyo nilipoanza kazi niliyotumwa. Tulihama darasani tukaenda chini ya mkorosho mkubwa karibu na kwake, watu wakaja na mikeka na vigoda. Kitabu cha kiada nilikiweka ndani. Kwa siku kama kumi sikufundisha herufi hata moja. Nilikuwa nasikiliza na kuandika maneno yanayorudi: msimu, salfa, mizani, makato, malipo ya pili, maji, kangomba.

Hivyo ndivyo Freire na wenzake walivyofanya. Kabla ya somo walikaa na watu, wakakusanya maneno ya maisha yao, wakachagua machache, kumi na saba hivi, yenye uzito moyoni na yenye silabi za kuzalisha mengine. Neno lao mashuhuri ni la tofali, kwa Kireno "tijolo". Kwanza watu wanaona picha ya ujenzi, wanazungumza: nani anajenga, nyumba ya nani, yeye mwenyewe analala wapi. Halafu neno linavunjwa, ti-jo-lo, kila silabi inaletwa na ndugu zake, ta te ti to tu, na watu wanaanza kuunganisha maneno yao. Mwanzoni mwa 1963, kwenye mji mdogo wa Angicos katika jimbo la Rio Grande do Norte, watu wapatao 300 walifundishwa hivyo kwa saa 40. Rais João Goulart mwenyewe alikwenda kwenye kipindi cha kufunga.

Kiswahili kwa njia hii ni kama kilitengenezwa kwa ajili yake. Silabi zetu ziko wazi, karibu zote zinamalizika na irabu. Nikachora kwenye karatasi ya manila: mkorosho, chini yake mama anamwaga korosho kwenye bakuli la kangomba, mnunuzi amechutama mbele yake na noti, pembeni, mbali kidogo, mizani ya chama. Kwa asiyejua, kangomba ni ule ununuzi wa kienyeji usio na mizani, wa bakuli. Mnunuzi huja miezi ya njaa, kabla ya msimu, anapima kwa bakuli lake, na bakuli lake siku zote lina tumbo kubwa kuliko kilo.

Sikueleza kitu. Niliuliza tu wanaona nini. Mazungumzo yalichukua siku mbili. Mzee mmoja alisema yule mama kwenye picha ni mjinga, na mama mmoja akamkatalia kwa ukali: "Si mjinga. Mtoto wake anaumwa. Mizani haiji usiku, kangomba linakuja." Pakawa kimya. Sentensi ile ingetosha kunipa somo la uchumi la mwaka mzima.

Ndipo nikaandika: korosho. Ko-ro-sho. Chini yake ka ke ki ko ku, ra re ri ro ru, sha she shi sho shu. Nikakata vipande vya karatasi nikawapa. Neno la kwanza likatoka kwa kijana wa bodaboda: shoka. Kisha shuka, na mwenzake akasema hapo hapo, "bei inashuka." Kaka. Kuku. Karo. Mama yule aliyemtetea mwenzake wa kwenye picha akapata kero. Mzee mmoja aliyekuwa kimya tangu tuanze akasogeza vipande viwili, akavitazama kwa muda, akasoma: "Ku-ra. Kura." Akacheka peke yake. Akasema kwenye chama kura anayo kila mwaka, ila karatasi anazozipigia kura hajui zimeandikwa nini.

Nilitamani Freire angekuwepo kusikia neno hilo. Maana nchini kwake kura ndiyo iliyomponza. Brazili ya wakati ule mtu asiyejua kusoma hakuruhusiwa kupiga kura. Haki hiyo ilikuja kupatikana mwaka 1985. Kwa hiyo saa 40 za Angicos zilizaa wasomaji na wapiga kura kwa pamoja, na mpango wa kuzieneza saa hizo nchi nzima ulimaanisha wapiga kura wapya kwa mamilioni, wengi wao wakulima maskini. Jeshi likapindua serikali ya Goulart mwanzoni mwa Aprili 1964, mpango ukafutwa ndani ya wiki mbili, Freire akawekwa ndani siku zipatazo 70. Akakimbilia Bolivia, akaenda Chile, na huko ndiko alikoandika kitabu chake kikubwa kuhusu elimu ya wanaokandamizwa. Kilitoka kwa Kiingereza mwaka 1970. Kwao Brazili kilichelewa mpaka 1974. Uhamishoni alikaa takriban miaka 15, sehemu kubwa Geneva kwenye Baraza la Makanisa Ulimwenguni.

Mkorosho uliotufunika nao una habari yake. Ni mti wa kwao. Asili yake ni kaskazini mashariki mwa Brazili, na Wareno ndio walioutawanya hadi pwani yetu ya mashariki. Kwenye jimbo hilo hilo la Rio Grande do Norte, upande wa pwani, kuna mkorosho mmoja uliotanda mpaka unafunika eneo zaidi ya uwanja wa mpira. Niliwaambia wanakisomo wangu habari hiyo na walinikatalia kabisa. Mkorosho ni wa Wamakonde, walisema. Bibi alitafakari, akauliza, "Na huko kwao nao wanapunjwa?"

Sitaki nimfanye Freire malaika. Alipokuwa Geneva aliitwa kusaidia Guinea-Bissau, nchi iliyokuwa imetoka kwenye vita vya ukombozi, na kazi ile haikufanikiwa. Kisomo kiliendeshwa kwa Kireno, lugha ambayo mkulima wa kijijini hakuwa akiizungumza. Neno litoke wapi kwenye maisha ya mtu kama lugha yenyewe haipo nyumbani kwake? Njia yake yote inasimama juu ya maneno ya watu, na kule maneno yalikuwa ya mkoloni aliyeondoka. Kila nikifikiria hilo nazidi kukithamini Kiswahili chetu, ingawa hata mimi nilijifunza kunyamaza pale wanakisomo walipohamia Chimakonde. Mambo mazito waliyasema kwanza kwa Chimakonde, kisha mmoja akanitafsiria. Nilikuwa nawakatisha. Nikaacha.

Na kitabu chake ni kigumu. Nimewapa walimu wenzangu wakakirudisha baada ya kurasa kumi. Mimi nawaambia waanze na yale aliyoyaandika uzeeni, baada ya kurudi Brazili na baada ya kazi ya kusimamia elimu ya jiji la São Paulo kuanzia 1989 hadi 1991, maana huko anasimulia kama mtu aliyekaa kibarazani: yule mfanyakazi wa Recife, yule daktari wa meno, Elza garini. Elza alifariki mwaka 1986, yeye akafuata tarehe 2 Mei 1997.

Mwaka uliofuata, kwenye mkutano mkuu wa chama, wanakisomo kumi na wanne walikaa safu moja. Hatukupanga hivyo. Bibi alisimama na stakabadhi yake. Mikono ilimtetemeka, lakini alisoma. Alisoma kilo, akasoma tarehe, akafika kwenye neno makato akalivunja kama tulivyokuwa tunavunja maneno chini ya mti wetu, ma-ka-to, na ukumbi mzima ukawa unamsubiri amalize. Kisha akauliza makato hayo ni ya nini na nini. Mawili yakaelezwa. La tatu viongozi walisema litajibiwa mkutano ujao. Lile gunia lililopungua halikurudi. Ila kuanzia msimu ule karani alianza kutaja kilo kwa sauti mbele ya mwenye mzigo, na wenye mzigo wakawa wanaandika.

Niliondoka Newala mwaka 2013. Bibi hakuwa amefika mbali. Gazeti lilimshinda, herufi ndogo macho yalizikataa. Siku ya kuaga alinipa korosho alizozibangua mwenyewe, ndani ya mfuko wa rambo, akaufunga fundo. Niliufungua ndani ya basi, tumeshapita Masasi. Juu ya korosho palikuwa na kipande cha karatasi ya daftari, mwandiko mkubwa, kila silabi imeachiwa nafasi:

"Ko ro sho ki lo 2. Ma ka to ha ku na."